Shikamoo Niliyoidai kwa Mikono

Heri niseme mwenyewe, kabla mlinzi wetu hajaitangaza aibu yangu Malindi nzima.

Ofisini kwetu tunawahoji vijana wenye ulemavu waliomaliza shule na wanaoomba ufadhili wa kusomea ufundi. Siku hiyo, wa kwanza kwenye orodha alikuwa kiziwi kutoka Ganze. Mimi na kupenda kwangu sifa, nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikijifunza lugha ya ishara kwenye simu.

Niliporudi kutoka kunywa chai, nikamkuta msichana ameketi mbele ya meza yangu, kimya. Sikuuliza jina. Nikamwamkia kwa ishara. Hakujibu. Nikazidisha, mikono ikawa inaruka kama ya mtu aliyevamiwa na nyuki. Hata kope hakutikisa.

Mtu mzima kama mimi, mtoto aninyime shikamoo? Nikachukua kalamu na kuandika daftarini kwa hasira: "Hana adabu. Asifadhiliwe."

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Bwana Kazungu, yule kiziwi bado yuko njiani. Huyu ni Kadzo. Haoni."

Nilitamani sakafu inimeze.

Kadzo akageukia upande wangu, akatabasamu. "Shikamoo, baba. Nilisikia mtu akiingia, lakini hakusema neno, nami nikaona haya kuuliza. Ahsante kwa kunipepea."

"Marahaba," nikajibu.

"Kisha nikasikia kalamu ikiandika kwa nguvu. Nisomee, baba. Umeniandika nini?"