Mlezi wa Baba Yake

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kichana. Kilikuwa kimechomekwa kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wanafunzi wengine wa mwaka wa kwanza huchomeka kalamu, na kwa kuwa kalamu pia alikuwa nayo, vitu hivyo viwili vilisimama bega kwa bega kama wapangaji wa chumba kimoja ambao bado hawajajuana. Nilikuwa kwenye meza ya mapokezi ya Kitengo cha Ustawi wa Wanafunzi, nikigawa mikoba ya kuwakaribisha wageni. Niliziona mvi zake, nikasimama kwa heshima.

"Karibu mzee. Wazazi wanapita mlango ule wa pili."

"Asante mwanangu," alisema. "Lakini mwanafunzi ni mimi, na mzazi pia ni mimi. Sasa nipite wapi?"

Nilimpa mkoba. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, fulana iliyoandikwa "Hauko Peke Yako", na mpira laini wa kufinya mawazo yakizidi. Fulana haikumwingia. Mpira aliupeleka kazini, na mpaka leo watoto wanaolia wakinyolewa hupewa waufinye. Katika vifaa vyote tulivyogawa mwaka ule, huo ndio ninaoweza kuapa kwamba ulimtuliza mtu.

Ni kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kinatazamana na lango la chuo, na kwa miaka mingi wasomi wa viwango vyote wamekaa kwenye kiti chake. Hapo amesikia tafiti zikizaliwa, zikikwama na kuzikwa. Tatizo lake, alivyonieleza siku moja akininyoa, lilikuwa kwamba kila mazungumzo aliyapata nusu. Mteja akifika penye utamu, nywele zimekwisha. Anapanguswa shingo, anapakwa spiriti, anaondoka na nusu iliyobaki. Chuo kilipofungua mlango kwa watu wazima wenye uzoefu wa kazi, alifua koti lake, akaomba kusoma sosholojia. Akakubaliwa. Mchoraji wa mtaani akamwandikia bango jipya juu ya mlango: KINYOZI MSOMI.

Siku ya kwanza kulikuwa na semina ya lazima, "Kuishi Mbali na Wazazi". Aliketi mstari wa mbele, akaandika kila kitu. Mwishoni akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Umesema tuwapigie wazazi simu kila wiki. Wangu wametangulia mbele ya haki wote wawili. Nimpigie nani?"

Mtoa mada alizirudisha slaidi zake nyuma, akazipeleka mbele, hakuona kitu. "Mpigie yeyote anayekulea," alisema. Hilo nalo likaandikwa.

Nani anayemlea, kompyuta ilitujibu wiki iliyofuata. Chuo kilikuwa kimeanzisha mpango mpya ambao, sitaki nieleweke vibaya, mimi niliuamini na bado nauamini. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepewa mlezi, yaani mwanafunzi wa mwaka wa juu wa kumwongoza na kutuarifu akiona analegea. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wahadhiri, lakini wahadhiri sasa walikuwa wanaandika taarifa za jinsi wanavyowasaidia wanafunzi, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kuwasaidia. Mfumo ndio uliopanga nani awe na nani, kwa kutazama fani, makazi na mambo wanayoyapenda. Kinyozi akapewa mlezi wa fani ileile, wa mtaa uleule, wa nyumba ileile, anayependa kama yeye redio na kubishana.

Alipewa binti yake.

Binti huyo alikuwa mwaka wa pili. Wenzake humwita Mheshimiwa, kwa sababu hata akiomba chumvi huiomba kama anayehutubia bunge. Nilidhani ni kosa, nikamkimbilia Mkurugenzi wa Ustawi. Alitazama skrini, uso ukamng'aa.

"Hakuna jozi iliyolingana hivi chuo kizima!"

"Lakini ni baba na mwanawe."

"Ndiyo maana wamelingana. Ulitaka mfumo ufanye nini zaidi ya hapo?"

Baadaye aliwasilisha mafanikio hayo kwenye mkutano wa vyuo, akapigiwa makofi.

Kanuni inasema mlezi na mwanafunzi wakutane ofisini kwetu, si nyumbani, ili kila mmoja ajue mipaka yake. Basi kila wiki watu wawili waliokunywa chai kwenye meza moja asubuhi walifika kwetu kwa njia mbili, kila mmoja na kitambulisho chake shingoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuja kumwona mlezi wangu."

"Ndiye mimi. Keti." Mheshimiwa alifungua kompyuta yake na kukohoa kidogo. "Kwanza, niambie. Wiki hii umelala vizuri?"

"Ningelala vizuri kama yule wa chumba cha pili asingecheka na simu yake kila siku."

"Tuache habari za majirani. Nyumbani una mtu wa kuzungumza naye?"

"Yupo mama yako. Ila anayezungumza ni yeye."

"Je, kuna mtu yeyote anayekufanya ujione mdogo?"

"Ni mapema kusema," alijibu. "Kikao ndiyo kwanza kimeanza."

Tulicheka sana ofisini mpaka matokeo ya muhula yalipotoka. Alikuwa amefaulu kila somo isipokuwa takwimu. Kwa mujibu wa taratibu mpya, anayeshindwa takwimu huurudia mtihani mara moja, na akishindwa tena anakiaga chuo. Kinyozi hakumwambia mtu. Kwake nyumbani alisema mambo si mabaya. Lakini mfumo humwarifu mlezi, na jioni ileile Mheshimiwa alisimama mlangoni mwa jiko, simu mkononi.

"Mama, muulize mumeo habari za takwimu."

Mama akaweka kisu chini. "Huyo Takwimu ndiye nani?"

Alipoeleweshwa hakupoa hata kidogo. Alisema afadhali angekuwa mtu, angejua pa kumfuata. Kinyozi aliinuka, akaenda kukaa peke yake uani. Binti yake alinisimulia kwamba alimfuata, na baba hakuzungumzia bango wala aibu ya mtaani. Alisema tu, "Wakinitoa, nitarudi kusikiliza nusu nusu." Toka siku hiyo Mheshimiwa hakumtania tena kuhusu takwimu.

Sisi nasi tuliinuka kumsaidia. Mfumo ulimhamishia kwenye kundi la walio hatarini, na walio hatarini hupata kila kitu. Tulimpa semina ya kupanga muda, ambayo iligongana na kipindi cha takwimu. Tulimpa semina ya kujiamini. Alipoikosa kwa sababu alikuwa anasoma takwimu, tukampa semina ya umuhimu wa kuhudhuria semina. Tena nilimwekea mwenyewe, kwenye simu yake, programu ya faraja, ambayo hutetemesha simu na kutuma maneno ya upole kila inapohisi kwamba mwanafunzi amekaa kimya kupita kiasi.

Kunyoa ni kazi ya ukimya. Siku moja kitini alikuwa ameketi mwalimu wa takwimu mwenyewe, mtu wa maneno machache, ambaye nywele zake chache huzitunza kama miche. Simu ikatetemeka mfukoni, mkono wa kinyozi ukaruka, na mashine ikapasua njia kutoka utosini hadi kisogoni. Mashine ilizimwa. Wateja kwenye benchi wakatazama sakafu. Kinyozi akaitoa simu, na skrini ikasema: "Vuta pumzi. Kila kitu kitakuwa sawa."

Mwalimu aliisoma pia.

"Nani anakuandikia maneno haya?"

"Chuo, mwalimu."

"Hata mimi wananiandikia. Juzi wameniuliza kama nina mtu wa kunikumbatia."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawajibu nina shida ya chumba."

Hapo ndipo kinyozi alipojua kisa kizima. Chumba cha mazoezi ya takwimu, ambako zamani wanafunzi walikaa na mwalimu wakakokotoa mpaka wakaelewa, tulikuwa tumekigeuza kuwa Chumba cha Utulivu. Kina mito ya kukalia, mwanga hafifu na bango la kukataza mazungumzo. Wanafunzi wengi huingia humo wakiwa na msongo wa takwimu.

Mwalimu alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule. "Sasa hapa hakuna namna. Nyoa chote. Na wakati unanyoa, niambie unapotea wapi."

"Wastani naujua, mwalimu. Mkianza kusema namba zimetawanyika, ndipo naona giza."

Mwalimu akachota povu la sabuni kwa kidole, akachora kwenye kioo mstari mmoja wa wastani na vichwa viwili vitatu, vingine karibu na mstari, vingine mbali. Kinyozi akaacha kunyoa, akauliza. Mwalimu akajibu, akafuta kwa kiwiko, akachora tena, nusu ya kichwa chake ina nywele na nusu inang'aa. Kijana mmoja kwenye benchi, naye wa kurudia, akasogea. Mteja aliyekuja kunyoa ndevu tu akauliza kama na yeye anaruhusiwa kuuliza. Na kwa kuwa kinyozi alikuwa ameishika mashine, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumruhusu msomi ashuke kitini mpaka amepata nusu ya pili.

Wiki iliyofuata benchi lilijaa. Mheshimiwa alikuja kama mlezi, akakunja mikono mlangoni.

"Baba, kikao hiki hakimo kwenye mpango wako."

"Mlezi wangu, keti hapo au ondoka kwenye mwanga."

Akaketi. Baada ya muda alikuwa anachora kwa povu kuliko wote.

Habari zilimfikia Mkurugenzi, akafurahi mno. Nilitumwa na bango la chuo, KITUO CHA USTAWI, TAWI LA NJE, pamoja na masharti: wanaokuja wajiandikishe kwanza kwenye mfumo, wakae kwa zamu, na asinyolewe mtu wakati huduma inaendelea. Nilibandika bango kwa bidii, likanyooka vizuri. Mwalimu wa takwimu alisoma masharti yote, akachukua sabuni na kioo kidogo cha mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma, na darasa zima likamfuata uani, kwenye kamba za kuanikia taulo. Nilibaki na bango langu mbele ya kiti kitupu. Katika taarifa ya muhula, tawi la nje lilitajwa kuwa tulivu kuliko yote.

Basi akaufanya mtihani. Alipotoka ukumbini nilikiona kile kichana kimechafuka wino kwenye meno. Alikuwa amekitumia kama rula. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Niliandika mpaka mwisho," alisema. "Kama nimeandika kweli, hilo wataniambia wao."

Lakini siku hizi hawamwambii yeye. Mitihani ya kurudia husahihishwa na chuo kingine ili kuwe na haki, na matokeo hupelekwa kwanza kwa mlezi, ili amwandae mwanafunzi kisaikolojia. Mlezi haruhusiwi kuyataja nje ya ofisi yetu. Jana jioni, wakiwa mezani, simu ya Mheshimiwa ililia. Akaisoma, akaifunika, akaendelea kula.

"Ni yenyewe?" aliuliza baba.

"Kesho asubuhi, ofisini. Uje na kitambulisho."

"Mimi ni baba yako."

"Hapa, ndiyo."

Mama akamwongezea binti chakula, akamwongezea tena, akamsifia nywele. Hakupata neno. Akamgeukia mumewe. "Mtazame usoni! Si umesomea sosholojia? Mtu aliyefurahi hukaaje?"

"Bado hatujafika hapo," alisema kinyozi. "Hiyo ni ya mwaka wa pili."

Leo asubuhi nimepanga viti viwili na kuweka katikati boksi la karatasi za kufutia machozi, ambazo kanuni inataka ziwepo kwa matokeo ya aina yoyote. Mheshimiwa ameingia mapema, uso wake kama dirisha lililofungwa. Nje, mwalimu wa takwimu, ambaye nywele zimeanza kumrudia, anasoma tangazo la zamani ubaoni, na akilimaliza analianza upya. Mchoraji wa mabango amekuja pia. Anasema anapita tu, lakini ana brashi mkononi. Kinyozi amevuka barabara akiwa na koti lake, kalamu na kichana mfukoni, amenisalimia, ameketi.

"Karibu, baba," amesema Mheshimiwa, na sauti yake ya bunge imepasuka kidogo. Amefungua kompyuta. Kanuni inamtaka aanzie mwanzo. "Kwanza, niambie. Wiki hii umelala vizuri?"

Kinyozi amefumbua kinywa, lakini jibu limetoka dirishani, ambako mama amejibanza tangu tulipofungua ofisi.

"Hajalala! Wala mimi sijalala! Sema, mtoto wewe!"