Huduma Sita za Kuzamia Mjini Juba

Mwaka wangu wa pili kwenye mapokezi ya hoteli, tajiri wetu alienda likizo pwani ya Kenya, akarudi na mitungi miwili ya hewa, miwani minne ya kuzamia, suti za mpira na wazo.

Alikuwa mtu wa hapa hapa Juba aliyekulia Nakuru wakati wa vita, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya kitupu. Huko pwani alikuwa ameona wageni wakishushwa chini ya maji kwenda kutazama samaki, kisha wanatoka wamechoka na kuridhika kiasi kwamba hakuna aliyelalamikia chakula. Hilo la chakula ndilo lililomgusa. Sisi tulikuwa na mto upande mmoja, bwawa la kuogelea katikati, na malori mawili ya mchanga aliyoyamwaga ukingoni ili paitwe ufuo. Kwa hesabu yake, kilichokosekana kilikuwa kipeperushi tu, na wa kukiandika nilikuwa mimi.

Nilimweleza kwamba nimezaliwa Kitui, ambako mto ni mahali unapochimba mchanga ukitafuta maji, na kwamba sijui hata kuogelea. Hakuona uhusiano.

"Wewe ni Mkenya," akasema. "Bahari ni yenu. Andika, Madam."

Nikaandika. Kwa siku tatu nilisoma matangazo ya hoteli za ufuoni, nikayaondolea matumbawe na kasa, nikabaki na huduma sita: ya wanaoanza, ya wenye vyeti, ya watoto, ya maharusi, ya wapiga picha, na ya sita, kuzamia baharini. Hiyo ya sita niliipinga. Tajiri akacheka, akanikumbusha kwamba kwa Kiarabu cha Juba mto ndio huitwa bahar, kwa hiyo hakuna uongo wowote. Mimi ambaye nyumbani najulikana kwa barua zilizonyooka, niliweka kila koma mahali pake, nikapeleka karatasi kwa mpiga chapa kule Buluk.

Mitungi yenyewe ilikuwa mitupu, maana ndege haibebi mitungi iliyojaa. Nilikwenda Hai Mauna kwa fundi wa magurudumu kumuuliza kama pampu yake inaweza kuijaza. Alilinganisha mpira wake na mdomo wa mtungi, akafikiri kidogo, akasema kazi hiyo ni ndogo, nilete Jumatatu.

Bahati nzuri kabla ya Jumatatu ilikuja Jumamosi. Kila Jumamosi alikuja kwetu Mganda mmoja wa Jinja kula samaki wa kukaanga. Kazi yake ilikuwa kuzamia. Alikagua nguzo za daraja chini ya maji. Nilimsimulia mpango wetu kwa fahari kidogo. Aliposikia habari za pampu ya magurudumu, aliweka samaki chini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba hewa ile ina mafuta, na kwamba mgeni wetu wa kwanza angekuwa pia wa mwisho. Halafu akasoma huduma ya sita.

"Madam, huko mtoni mimi iko nafanya kazi na mikono," akasema. "Macho naacha nyumbani."

Maji yale, alisema, ukizama kimo cha mtu hayana tofauti na kuingia ndani ya gunia, na mkondo hausubiri mtu amalize kupiga picha. Mamba hakuwataja mpaka nilipomuuliza, na nilijuta kuuliza. Lakini alikuwa mtu mwema. Aliomba ruhusa kazini kwake, akaijaza mitungi yetu kwa mashine yao ya hewa safi, akakubali kuwasimamia wageni, mradi iwe ndani ya bwawa tu na samaki wake wa Jumamosi aendelee.

Tajiri alilipokea sharti la bwawa kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa mto. Kwa kuwa hewa ilikuwa ya mitungi miwili tu, aliamuru isiguswe mpaka apatikane mtu mkubwa wa kuzindua, waziri au balozi. Tukasubiri. Alikuja mfanyakazi mmoja wa misaada mwenye vyeti vyote vya kuzamia. Akatazama bwawa, akauliza kina chake, nikamwambia mita tatu. Alikipiga picha kipeperushi, akaagiza kahawa.

Kisha tajiri akasafiri kwenda Kampala kununua vigae, na Jumamosi ya wiki hiyo akaja mstaafu mmoja ambaye sote tulimwita Mzee.

Alivaa suti ya kijivu na tai. Kipeperushi chetu kilikuwa kwenye mfuko wa juu, kimekunjwa vizuri. Alijitambulisha kwamba alikuwa nahodha wa matishari, yale majahazi ya chuma yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Juba kuteremka hadi Malakal, na kwamba ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kiswahili alikipata ukimbizini Uganda. Alitaka namba sita.

Nilimwambia huduma ya sita imesitishwa kwa muda. Akauliza kama namba moja nayo ni chini ya maji. Nikakubali kwamba ni chini ya maji.

"Khalas," akasema. "Basi hiyo moja."

Nilimtazama Mganda nikitumaini atakataa kwa niaba yangu. Badala yake alianza kumhoji Mzee kuhusu moyo, presha na masikio, maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na daktari. Mzee alijibu yote akiwa wima. Alipoulizwa kama anajua kuogelea, alisema hapana, hajawahi.

"Miaka yote hiyo mtoni?" Mganda akauliza.

"Nahodha akianza kuogelea, kazi imemshinda."

Suti ya mpira ilikuwa imenunuliwa kwa kipimo cha tajiri, kwa hiyo ilimpwaya Mzee kama kanzu. Kwa nusu saa alifundishwa kupumua kwenye maji ya kiunoni. Baadaye wakashuka pamoja upande wa kina, Mganda akitumia mtungi wa kazini kwake. Mimi nilisimama ukingoni nimeshika miwani yake ya kusomea, nikiyatazama mapovu. Kila yalipochelewa, nilianza kutunga kichwani barua ya kujieleza kwa tajiri, na kila yalipotokea niliifuta. Familia iliyokuwa ikila mchana iliacha meza. Mpishi alitoka jikoni na simu yake.

Mzee hakutembea wala kugusa kitu. Alikaa kwenye sakafu ya bwawa, mikono juu ya magoti, jinsi watu wanavyokaa kanisani kabla ibada haijaanza. Mganda alimwonyesha ishara ya kupanda. Mzee akatikisa kichwa. Zilipita dakika nyingine kadhaa, akaonyeshwa tena, na safari hii akakubali.

Alipotoka aliomba miwani yake, akaivaa ikiwa imelowa, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Mimi nilikuwa na fomu ya maoni ya mgeni, yenye nyota tano za kupaka wino. Nikaiweka nyuma ya mgongo.

Baada ya muda akanieleza kwa sauti ya chini. Wenzake wawili walianguka kutoka kwenye tishari lake, miaka tofauti, yeye akiwa kwenye usukani. Hawakuonekana tena. Tangu wakati huo alipita juu ya sehemu hizo mara nyingi asizohesabu, kwenda na kurudi.

"Nilitaka kujua wako mahali pa namna gani," akasema.

Nikamuuliza ameonaje.

"Kuna kimya, binti yangu. Mtu anaweza kukaa."

Ningeweza kumwambia kwamba kimya kile kilikuwa cha vigae vya buluu na dawa ya maji, na kwamba mtoni hali ni kama gunia. Mganda naye angeweza, tena yeye alikuwa na ushahidi. Alijishughulisha na kufungua mikanda ya mtungi. Mimi nilikwenda kuleta chai.

Tajiri aliporudi alikuta mtungi mmoja umetumika na uzinduzi umefanywa na mstaafu. Alinuna nusu siku. Mpishi akamwonyesha picha, Mzee amekaa chini ya maji na mapovu juu yake. Tajiri aliishika simu muda mrefu, kisha akauliza kama ule mtungi wa pili bado una hewa.

Jumamosi iliyofuata Mzee alirudi na mama mmoja wa makamo aliyevaa tobe la zambarau. Alikuwa mjane wa mmoja wa wale wawili. Hakutaka kuzamia. Alitaka kuona tu. Tajiri alikuwepo siku hiyo, na nilimwona akifungua mdomo, nadhani kuhusu balozi. Halafu akaufunga, akaenda mwenyewe kuleta kiti chenye mto, akakiweka ukingoni, akarudi tena kuleta mwavuli.

Mzee akashuka, akakaa pale pale. Mama yule alivua viatu, akatia miguu majini, akainama kumtazama mpaka Mzee alipopanda. Walizungumza kwa Kiarabu, maneno machache ambayo sikuyashika yote. Baadaye walikula samaki pamoja na Mganda, na mama alilalamika kwamba chumvi imezidi.

Mwezi uliofuata kazi ya daraja ilisimama na Mganda akarudi Jinja, na hapakuwa na mtu mwingine mjini ambaye ningemwamini na hewa. Suti za mpira ziko kwenye chumba cha kufulia. Vipeperushi bado viko mapokezi, kwa sababu tajiri alichapisha vingi. Mgeni akiuliza, namwambia ukweli kuhusu huduma zote sita, na wengi huagiza kahawa.