Aliyemwoza Rahma kwa Laptop Yangu

Cheka ukitaka. Wengi niliowahadithia wamecheka, wengine wameniuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, na usingizi sikuwa nao. Haya yalinifika mimi mwenyewe, saa tisa mchana, mtu mzima na akili zangu timamu. Nilikuwa na hasira tu, na sijasikia hasira imemwonyesha mtu kitu ambacho hakipo.

Nianze na hiyo hasira.

Mimi nasafirisha vitambaa kutoka Guangzhou kwenda Dar. Mwaka mpya wa Kichina ukifika, kazi inalala. Mafundi cherehani wa mtaa wa Kangle wanarudi kwao, na soko la Zhanxi, pale unapokanyagwa na mikokoteni kila siku, unapita peke yako. Rafiki yangu Hamad, kijana wa Unguja anayefanya biashara ya viatu, ana leseni ya udereva ya huku. Akakodi lile gari lenye vitanda na jiko ndani, Wachina wanaliita fangche. "Mzee wangu, twende Conghua tukapumue milimani," akaniambia. "Hapa mjini utakufa kwa kufikiri."

Alisema kweli. Jumamosi ile binti yangu Rahma alikuwa anaolewa Dar, na mimi sikuweza kwenda. Nilikuwa nimepata pasipoti mpya, kibali changu cha kuishi kilikuwa hakijahamishwa, na ofisi zote zimefungwa kwa sikukuu. Mdogo wangu Salum alinipigia mapema kabisa. "Kaka, nikuwakilishe mimi. Niachie uwalii, nitamwoza kwa niaba yako." Nikamkatalia. Mtoto nimemzaa mimi, nimemsomesha mimi, halafu aozwe na mtu mwingine na mimi nipo hai? Nikambembeleza sheikh mpaka akakubali nioze kwa simu ya video, kwa sharti moja: sura yangu ionekane na sauti isikike. Nisipoonekana, hakuna ndoa siku hiyo. Saa nne asubuhi ya Dar, yaani saa tisa mchana huku.

Hamad aliapa kwamba kambi ya magari kule milimani ina intaneti. Na kweli ipo. Kuipata ndiyo kazi.

Unafungua laptop, unaona jina la mtandao, unabonyeza. Inakwambia andika namba ya simu ya Kichina, utumiwe nambari za siri. Namba yangu ilikuwa imezimwa asubuhi ileile! Kisa? Laini imesajiliwa kwa pasipoti ya zamani, na mimi sikwenda kuibadilisha. Muulize Mwafrika yeyote anayeishi huku, atakwambia. Pasipoti ikibadilika, benki inakukataa, laini inakukataa, kila mashine inakuona mtu mwingine. Basi tukatumia namba ya Hamad, tukaingia. Nikashukuru Mungu mapema mno, maana programu zetu za nyumbani hazifunguki huku bila VPN, na VPN yangu ikaanza kuzunguka. Inazunguka, inazunguka, inakata. Tukajaribu intaneti ya simu ya Hamad. Bonde lile halishiki kitu, kakijiti kamoja kanakuja na kupotea. Nikapanda juu ya kiti, nikaitoa laptop dirishani, nikaizima na kuiwasha. Nilitamani kuitupa mtoni. Nifikirie: wageni wameshakaa msikitini, bwana harusi ameshavaa, na mimi nimeinua laptop juu kwa mikono miwili nikiitukana.

Ilipobaki kama nusu saa, Hamad akachukua simu yake. "Mzee wangu, ngoja nishuke getini kwa laoban mwenye kambi, nimuulize kama ana intaneti nyingine." Akaondoka katika manyunyu na ukungu. Nikabaki peke yangu.

Ndipo nikasikia, "Shekhe, netiweki inasumbua?"

Kwa Kiswahili! Tena Kiswahili laini cha pwani. Nikageuka. Pembeni yetu palikuwa na fangche nyeupe, kuukuu, na mtu amesimama mlangoni. Sikuwa nimeiona ikiingia, lakini nilikuwa naangalia nini zaidi ya laptop? Mtu wa makamo, amevaa koti. Sura yake usiniulize. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka, na kila nikijaribu naiona sura yangu mwenyewe.

Sikushtuka. Hapo ndipo ninapojishangaa. Guangzhou Waswahili ni wengi, nikaona ni mtu wa kwetu naye amekuja kupumua. Nikamwagia yote. Naye akawa ananiuliza kwa upole, kama mtu anayekuliwaza. Binti anaitwa nani? Na mama yake? Bwana harusi mtoto wa nani? Mahari mmekubaliana nini? Sheikh atakayefungisha ni yupi? Nikajibu kila kitu. Mtu mwenye hasira akipata wa kumsikiliza hafungi mdomo.

"Mimi ninayo netiweki," akasema, "lakini haitoki nje ya mlango wangu. Nipe mashine niiunganishe. Wewe katie udhu, unakwenda kuoza mwana. Ukimaliza itakuwa tayari."

Nikampa. Niamini, nilimpa kwa mikono miwili na nikamwambia Mungu akulipe.

Nikaingia kwenye gari letu. Maji ya lile sinki dogo yalikuwa ya baridi ya kukata vidole, nikaharakisha, kwangu hazikufika dakika tano. Nikatoka huku nakunjua mikono ya shati. Ile fangche nyeupe haikuwepo. Nikadhani ukungu umeificha, nikaenda mpaka pale ilipokuwa. Nyasi zimesimama, matope hayana alama ya tairi. Laptop yangu ilikuwa juu ya meza yetu ya kukunja, nje, kwenye manyunyu, imefungwa. Nikaigusa. Ilikuwa kavu, na ya moto kama imetumika kutwa.

Bado nahangaika kuifungua, nikamwona Hamad anakuja mbio, anacheka.

"Mzee wangu, hongera! Kumbe umepata netiweki na hukuniambia?"

"Netiweki gani?"

"Si umeshaoza! Saa kumi kasoro hii, na kule getini mtandao umeshika, jumbe zimemiminika. Ami Salum amenitumia sauti, sikiliza."

Nikasikiliza. Sauti ya mdogo wangu, imejaa machozi: "Hamad, mwambie kaka ametutuliza wote leo. Hakubabaika hata neno moja." Halafu picha. Msikitini wameweka kioo kikubwa cha televisheni, na kwenye kioo nipo mimi. Sura yangu, mvi zangu, hata lile kovu la kwenye nyusi. Nimevaa kanzu na kofia ya viua. Mimi siku ile nilivaa shati la drafti, na kanzu zangu zote zilikuwa chumbani mjini. Nyuma yangu palikuwa na pazia jeupe. Gari letu halina pazia.

Nikakaa kwenye matope. Hamad akaacha kucheka. Tukaenda naye getini, nikamuuliza laoban nani alikuwa jirani yetu. Hata hakuinua kichwa. "Meiyou," akasema. Hakuna. Sehemu ile bomba lake limepasuka, haijaegeshwa gari tangu sikukuu ianze.

Sasa nifanye nini? Binti yangu ameozwa na nini sijui, na jioni anatolewa kwenda kwa mumewe. Nikampigia Salum kwa simu ya Hamad, palepale getini, sauti tu, maana video ilikataa. Nikamwambia aende pembeni na sheikh, wao wawili tu. Nikaeleza. Salum akadhani nimechanganyikiwa, na mimi nikaanza kumfokea kwamba anisikilize, na kadiri ninavyofoka ndivyo anavyozidi kutoniamini. Mwishowe sheikh akachukua simu.

"Mtu tuliyemwona alikuwa na sura yako na sauti yako," akasema taratibu. "Wewe una sauti tu. Nitajuaje kama wewe ndiye wewe?"

Nilitaka kulia. Siku nzima mashine zinanikataa, na sasa watu wangu. Salum ndiye aliyeniokoa. "Muulize," nikamsikia anasema, "marehemu mama alikuwa anamwitaje akiwa mdogo, tukiwa wenyewe ndani." Jina hilo halijulikani na mtu mwingine duniani, na yule wa kwenye fangche hakuwahi kuniuliza. Nikalitaja. Na wewe sikutajii.

Salum akashusha pumzi. Sheikh akasema ndoa ile haikuwa na walii, kwa hiyo haikuwa ndoa, na irudiwe kabla bibi harusi hajatoka. Nikampa mdogo wangu uwakala kwa mdomo wangu, uleule niliomnyima mwanzo. Wageni wakaambiwa netiweki ilikatika katikati na sheikh anataka kujiridhisha. Salum akamwoza Rahma. Mimi sikuona wala kusikia, niliambiwa baadaye.

Ile laptop sikuiuza wala kumpa mtu. Niliivunja kwa nyundo. Hamad hajakodi tena gari la kulala, na tukikutana hatuongelei Conghua.

Kwa hiyo wewe uliye mbali na kwenu, nisikilize. Jambo la mwanao kama huwezi kuwepo, mpe ndugu yako aliyepo. Usione haya. Na mtu akikupa intaneti sehemu isiyo na intaneti, halafu anataka kujua majina ya watoto wako, chukua mashine yako uondoke, hata kama unasubiriwa na msikiti mzima.

Rahma hajui. Tulikubaliana, mimi, Salum na sheikh, asiambiwe. Lakini Salum alikuja kuniambia kwamba yule, baada ya kuoza, aliomba apelekewe binti azungumze naye peke yake. Wakamwingizia laptop ya msikitini kwenye chumba cha wanawake palepale, mlango ukafungwa. Rahma alitoka analia na kutabasamu. Mpaka leo akinipigia huniambia, "Baba, yale maneno yako ya siku ile ndiyo yananishikilia kwenye ndoa yangu." Nimemzunguka kwa kila njia anitajie hata moja. Hucheka tu. "Ah, baba naye! Si unayajua mwenyewe?"

Nami humjibu, ndiyo mwanangu, nayajua.