Udi Chini ya Hadubini

Hadubini ile niliiunda kwa mikono yangu, miaka minne, katika chumba cha nyuma cha chuo nilichokuwa nafundisha hapa Bagamoyo. Haikuwa na lenzi. Ilikuwa na ncha ya waya, mwisho wake atomu moja, inayopita juu ya kitu bila kukigusa huku umeme ukiruka katikati. Za kawaida za aina hii haziwezi kuchungulia kioo, kwani kioo hakipitishi umeme. Yangu ilitumia umeme wa kwenda na kurudi kwa kasi kubwa mno, na kioo kikaonekana. Niliining'iniza kwa mipira ya baiskeli ili mtikisiko wa bodaboda usiifikie. Sura haikuwa nayo, lakini kazi ilifanya.

Wageni wakaja kutoka Dar kuamua kama chumba kibaki changu au kiwe stoo ya viti. Nilihitaji kuwaonyesha picha moja tu.

Nilikwenda stendi kuwapokea. Kurudi, nikakuta mkuu wa chuo ameamuru chumba kipambwe. Hadubini imeshushwa, imekalishwa mezani juu ya kitambaa cha kudarizi, na chini ya meza chetezo kinafuka udi. Kwa pua ya mgeni moshi ule ni heshima. Kwa ncha yangu ni mchanga kwenye pilau. Skrini ikatoa mistari ya ovyo mpaka wageni wakamaliza soda zao. Wakasifu harufu. Mkuu akacheka, "Mwalimu wetu bado anajifunza." Nilitamani kummwagia makaa yale kichwani, na sioni haya kulisema.

Chumba kikachukuliwa. Nikiwa nafungasha, akaingia mama anayetufanyia usafi, mtu wa Dunda hapa hapa mjini, makamo ya mama yangu mzazi. Hata shikamoo sikumpa. Nilimfokea: nani kamwambia afukize udi humu, hajui hiki ni kitu gani?

Alingoja nimalize.

"Mkuu alisema tupambe. Udi ni wangu, mwanangu, nimeutoa nyumbani. Nilitaka wageni wako wakuheshimu. Miaka minne nafagia humu, na kila nikiingia unalifunika dude lako kwa gunia. Ningejuaje?"

Ni kweli nilikuwa nalifunika, tena kwa makusudi, ili asiniulize maswali.