Mwambie Yasini Kweli Kabla ya Kesho

Mwanangu Salima, kuna siku moja ya utoto wangu ambayo nikiikumbuka moyo hunirukaruka mpaka leo, na lazima nikuhadithie sasa hivi, kabla hujampeleka Yasini hospitalini. Acha hizo nguo kwanza, utazikunja baadaye. Mimi tangu asubuhi sijatulia, nimebandika chai nikaisahau mpaka ikakauka jikoni. Kesho mjukuu wangu anatolewa ngiri! Tumeingojea zamu hii mpaka tukachoka kuingojea, na sasa imefika, alhamdulillahi. Lakini kuna neno nimelisikia likanikera. Umemwambia mtoto kwamba kesho mnakwenda Gasenyi kuwasalimu shangazi zake. Ndiyo, nimesikia. Nimezeeka miguu, masikio yangu bado mabichi.

Basi sikiliza. Nilikuwa darasa la tatu, tukikaa hapa hapa Jabe, nyuma ya soko. Uani kwetu tulikuwa watoto wengi na fimbo yetu ilikuwa moja, nayo ni sindano. Mtoto akikataa uji, dokta anakuja. Akilia ovyo, dokta anakuja. Akikawia kuoga, dokta yuko mlangoni. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa akifuma vitambaa, basi huiinua ile sindano yake ya kufumia na kusema, "Munaiona hii? Ya dokta iko kubwa kuishinda!" Uji ulikuwa unakwisha bakulini, sikufichi. Lakini sote tulikua tukiamini kwamba hospitali ni mahali ambapo watoto hutobolewa mpaka wanyamaze.

Siku moja nikakanyaga msumari karibu na meza za maseremala. Nikauchomoa mwenyewe, nikafuta damu, nikavaa soksi, nikanyamaza kimya. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto wa darasa la tatu wahenga atawajulia wapi? Nikawa natembea kwa kisigino, nikiulizwa nasema ni mchezo. Mguu ukavimba, homa ikapanda, mpaka mama akanivua soksi kwa nguvu. Alipiga ukelele, majirani wote wakatoka nje.

Mama alijua kwamba akitaja hospitali nitapanda juu ya paa. Kwa hiyo akaniambia, "Vaa gauni yako ya Idi, tunaenda kwa bibi Gasenyi." Nikafurahi mno! Gari ya Gasenyi hupita njia ya Kamenge, ile ile ya hospitali, kwa hiyo sikushuku kitu, na pamoja na homa yangu yote nilikuwa naimba. Kumbe tunashuka mbele ya lango kubwa, na wa kwanza kumwona ni mwanamke mwenye koti jeupe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ya mama yangu iliishia pale langoni.

Sitaki kukwambia jinsi nilivyopiga kelele. Walinibeba mpaka idara ya watoto, ile wanayoiita pediatri, wakaniweka kitandani. Akaja dokta, kijana mpole, akainama.

"Unaumwa wapi, mutoto muzuri?"

"Siumwi."

Akaminya unyayo, nikauma mdomo. Akapanda kwenye muundi, nikatazama dari. Alipofika karibu na goti nikamtabasamia, jasho likinitiririka. Unaelewa? Nilifikiri nikisema ndiyo, sindano itakuja, na nikisema hapana, tutarudi nyumbani. Dokta akamgeukia mama akamwambia wazi: "Mama, ugonjwa nauona, lakini sijui umefika wapi. Kama uko chini tu, labda dawa itatosha. Kama umepanda, lazima tupasue leo, tutoe usaha, ao huyu mutoto anaweza kupoteza muguu. Mwenye kujua ni yeye, na hataki kusema."

Mama akanibembeleza. Akaniahidi pipi, akaniahidi viatu. Mwisho, maskini, akachoka, likamtoka lile alilolizoea: "Sema, ao dokta atakutobola!" Hapo nikaruka, mguu na uvimbe wake, nikaingia uvunguni mwa kitanda. Hakuna aliyeweza kunitoa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ameitwa, kwa sababu mama alikuwa ananyonyesha na hakuweza kuwa murwaza, yule anayebaki wodini na mgonjwa. Akaingia na sufuria yake na mkeka wake, akasikiliza, akatua mizigo. Halafu mwanamke yule wa heshima, ambaye hata imamu alikuwa akimsalimu kwa adabu, akalala kifudifudi sakafuni mpaka uso wake ukakutana na wangu.

"We Mwajuma, habari ya huko chini?"

Nilikuwa na swali moja tu. "Bibi, watanipiga sindano?"

"Ndiyo. Watakupiga."

Nilishtuka. Tangu nizaliwe hakuna mtu mzima aliyewahi kunijibu namna hiyo.

"Itauma?"

"Itauma, mutoto yangu. Mi siwezi kukudanganya. Utalia, nitakushika mukono, kisha itaisha. Lakini we ukinyamaza, dokta atayatafuta maumivu yako kama mutu anatafuta mbuzi mu giza. Umuonyeshe."

Kisha, bado kalala pale sakafuni, akamgeuzia mama kichwa. "Na we! Dokta mumemufanya simba wa kutisha watoto, leo munashangaa mutoto anakimbia simba? Umemuambia munakuja kwangu Gasenyi. Siku munakuja kwangu kwa kweli, atapanda gari?"

Kila mzazi mle wodini akawa anatazama kitenge chake. Nadhani hakuna hata mmoja aliyekuwa hajawahi kumwuza dokta kwa bakuli la uji.

Nikatoka uvunguni. Nikapanda kitandani mwenyewe, nikanyoosha kidole. "Hapa. Na hapa. Mpaka hapa," nikaonyesha chini kidogo ya goti. Ungeuona uso wa yule dokta! "Bravo! Asante sana, umenisaidia." Mimi! Mimi Mwajuma wa Jabe, nimemsaidia dokta! Nilijiona nimekuwa mkubwa kuliko shangazi na sindano yake ya kufumia.

Walinipasua siku ile ile. Sindano ilipokuja nililia, tena nililia vizuri, mpaka mtoto wa kitanda cha pili akaanza kunisaidia. Iliuma kama bibi alivyosema, ikaisha kama bibi alivyosema, na mkono wake ulikuwepo kama alivyosema. Nilipoamka mguu ulikuwa umefungwa bendeji, na ulikuwa wangu, na vidole vyake vyote. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kile nilikilalia, na sikuletei habari za kunguni bali za furaha. Asubuhi walikuwa wakitupima uzito na homa, kisha dokta anapita na wanafunzi nyuma yake, na kila mmoja anauliza lile lile aliloliuliza mwenziwe. Bibi aliwajibu wote bila kununa. Huyu mzazi ana makaa, yule ana chumvi, na mchana wanapika pamoja kama wamezaliwa tumbo moja, Mrundi wa msikitini na Mrundi wa kanisani. Kulikuwa na kasichana kamoja kalikolala tu, hakataki hata maji. Siku moja kakafungua macho na kusema, "Nataka ndagala." Ndagala, hawa hawa dagaa wetu, na ugali! Wodi nzima ilipiga vigelegele, muuguzi akaja mbio akidhani kuna msiba. Watoto ndivyo walivyo, jana amelala kama kitambaa kilicholowa, leo anagombania mkia wa samaki.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Yasini mwambie leo, tena kwa maneno yake ya kitoto: tunakwenda hospitali, utachomwa sindano, itauma kidogo, utalala, ukiamka utasikia maumivu, na mimi nitakuwa karibu. Usimwahidi kwamba haitauma, maana ikiuma atakuona wewe ndiye uliyemchoma. Mahali ambapo hutaruhusiwa kuingia, mwambie pia kwamba hapo utamngojea mlangoni, na ungoje kweli. Na wewe mwenyewe usimfiche dokta kitu. Kama mama mkwe wako alimnywesha mizizi, sema, hakuna atakayekufunga. Wakisema asile kabla ya kupasuliwa, asile, hata akikulilia machozi ya damu. Najua moyo wa mama humwona mtoto mwenye njaa kama deni, lakini siku hiyo kumnyima ndiko kumpenda. Usichokielewa kiulize, na wakikujibu kwa Kifaransa uliza tena kwa Kirundi. Maswali hayana aibu, kuuliza si ujinga.

Na ukirudi naye nyumbani salama, inshallah, usikubali mtu yeyote uani hapa amtishie mtoto kwa dokta. Mwambie aje kwangu kwanza.

Huyo Yasini yuko nje anawaringia wenzake kwamba kesho atakwenda Gasenyi kula mahindi ya kuchoma. Muite, mwanangu. Mkalishe mapajani, umwambie, akilia mwache alie. Mwenyezi Mungu aitulize mikono ya madaktari, awape wauguzi subira, akufungulie wewe kifua chako. Na kesho sindano itakapomfanya mjukuu wangu alie, Mungu ajaalie alie mikononi mwa mtu anayemwamini. Amina.