Matroni Aliyeagwa Akabaki

Msomaji wangu, sogea karibu unisikilize, kwa maana leo nataka kukueleza habari za mtu mmoja na sina haraka. Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa hapa Bariadi. Tulisalimiana, kisha akasema, "Yule matroni wetu ametangulia. Safari hii ameondoka kweli." Najua si adabu kucheka unapopewa habari ya msiba, lakini nilicheka, na upande wa pili wa simu nikamsikia mwalimu naye anacheka, ndipo sote tukatulia na kuulizana habari za mazishi. Marehemu alikuwa ameshiba umri. Alikula ugali na wajukuu, akasema amechoka, akaenda kulala, basi. Hakuna aliyemlilia kwa uchungu wa kudhulumiwa. Tulichokuwa nacho sisi tuliomfahamu ni shukrani, na hicho kicheko kidogo ambacho sasa nitakueleza kilitoka wapi.

Miaka ile alikuwa matroni wa shule moja ya sekondari ya wasichana, shule ya mtu binafsi iliyo nje kidogo ya mji, ambako binti yangu alisoma. Matroni ndiye mama wa bweni. Ndiye anayejua nani hajala, nani ana homa kweli na nani ameshikwa na homa ya mtihani wa hesabu. Kazi hiyo aliipenda na aliiweza. Lakini shule haikuwa na maji. Wasichana walichota lamboni, yaani kwenye lile bwawa la kuchimbwa ambalo ng'ombe wa kijiji nao hunywa, na ili wawahi kabla mifugo haijayatibua maji, iliwabidi watoke na ndoo zao kabla hakujapambazuka. Wakirudi wamechoka, wanaingia darasani na kusinzia. Matroni alikuwa amemwambia mmiliki wa shule, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, kwamba bweni lina paa kubwa la bati, na kwamba mvua inaponyesha maji yote yanamwagika chini huku watu wanayaangalia. Aliomba tenki moja tu. Aliomba mwaka wa kwanza, akaomba mwaka wa pili, na kila mara jibu lilikuwa neno lile lile: "Tutaliangalia, mama."

Kisha shule moja ya Lamadi ikamwita. Kule ziwa liko karibu, bomba lilikuwa hadi mlangoni mwa bweni, na walimpa nyumba ya kuishi. Akaandika barua ya kuacha kazi. Wazazi na walimu tukachanga, tukamuaga kwa heshima: vitenge, godoro, na mbuzi jike ambaye kila aliyemtazama tumbo alijua hayuko peke yake. Wasichana waliimba mpaka mshereheshaji akasahau ratiba yake. Mkurugenzi akasimama akasema mama huyu ni nguzo ya shule. Mpishi mkuu aliyekaa nyuma yangu akanong'ona, "Nguzo inang'olewa ndiyo wanaiona." Nikajitolea kumhamisha siku ya pili yake kwa pikapu ya ndugu yangu.

Basi siku hiyo mizigo ilikuwa imeshapakiwa, mbuzi amefungwa nyuma analalamika, nami nimeshika ufunguo, mara tukaona mkokoteni wa ng'ombe unaingia getini. Juu yake kulikuwa na tenki jeusi la plastiki, jipya, na nyuma yake Mkurugenzi anatembea kwa miguu kama mtu anayepeleka mahari. Akafika, akavua kofia.

"Mayu," alisema, maana kwa Kisukuma ndivyo tunavyomwita mama, "tenki lako hili hapa. Shusha mizigo."

Matroni alilizunguka lile tenki. Akaligonga kwa vidole. Akainua macho akatazama paa la bweni, akatazama tena tenki. "Gata ziko wapi?"

"Gata?"

"Ile mifereji ya ukingoni mwa paa. Au maji yatashuka yenyewe yapige hodi tenkini?"

"Gata zitakuja. Na mshahara nimekuongezea. Na cheo nimekupa, kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Malezi."

"Huyo Mkuu wa Malezi naye atachota maji wapi?"

Mkurugenzi alicheka, sisi tukacheka, lakini Matroni hakucheka. Nilimwona amekamatika. Wasichana walikuwa wamejipanga kwenye baraza ya bweni wakimtazama, na mmoja wao alikuwa wangu. Akikubali, na gata zisije, atakuwa ameitupa Lamadi kwa ajili ya pipa kavu. Akikataa, huenda wale watoto wataendelea na lambo mpaka wamalize shule.

"Ahadi ni deni, mayu," alisema Mkurugenzi.

"Najua, baba. Lakini deni halijazi ndoo."

Akachukua simu yake, akampigia mkuu wa shule ya Lamadi mbele yetu sote. Hakumdanganya kwamba anaumwa, wala hakusingizia ugonjwa wa mtoto. Alimweleza kwamba hapa wameleta tenki, bado gata, na kwamba anaomba wamvumilie mpaka mwezi uishe. Zisipofungwa atakuja. Wakiona hawawezi kusubiri, wampe kazi mtu mwingine, hatawalaumu. Kisha akatuambia tushushe mizigo, ila kamba zisifunguliwe. Nilimvuta pembeni nikamwuliza, na ikiwa Lamadi watampa mtu mwingine, na gata nazo zisije? Akanitazama kwa upole. "Basi nitakuwa na mbuzi."

Aliishi hivyo, mizigo imefungwa kamba, godoro la zawadi limesimama ukutani bado na karatasi zake za dukani. Walimu walimtania kila asubuhi, "Mama uliyeagwa, umeamkaje?" Naye akajibu, "Salama, niko njiani." Mpishi mkuu alidai mchango wake urudishwe kwa kuwa safari haikuwapo, akaambiwa asubiri mbuzi azae, atapewa mguu. Mkurugenzi alipopita na kusema gata zitafungwa likizo, wakati wasichana hawapo, Matroni alimjibu bila kupandisha sauti, "Sawa, Mkurugenzi. Na mimi nitaanza kubaki siku hiyo hiyo." Naambiwa mzee alikwenda zake mpaka getini, akasimama, akarudi kuuliza fundi bati anapatikana wapi. Gata zikafungwa kabla mwezi haujaisha. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha mchana watoto wakiwa darasani, na Matroni alitoka akasimama chini ya bomba la tenki na ndoo yake, akasubiri mpaka ikajaa. Binti yangu alinieleza jambo moja tu nilipokwenda kumtembelea: "Baba, Matroni amefungua kamba." Jioni ile ile ya mvua, baada ya kufungua, alimpigia mkuu wa Lamadi kumshukuru na kumpa jibu.

Nimeifikiria habari hiyo mara nyingi, hasa siku hizi ambapo vijana wetu wana elimu na simu, na kazi inaweza kumwita mtu akiwa amekaa sebuleni. Mtu anapata nafasi kwingine, anapeleka barua, na bosi aliyekuwa hamwoni anamwona ghafla. Anapandishiwa dau. Hapo watu hutoa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza husema usibaki kamwe, bosi anayekukumbuka siku ya kuondoka ana hila. Wa pili husema bakia, fedha ni fedha na mji unaujua. Mimi naona wote wanajibu kabla ya kuuliza. Mkurugenzi yule hakuwa mtu wa hila. Alikuwa mfugaji aliyeuza ng'ombe zake akajenga shule, kichwa chake kimejaa madawati na ada, na jambo lililomwuma Matroni kila alfajiri yeye hakuwahi kuamka nalo. Watu wengi ndivyo walivyo. Mzigo wa mwenzako huuoni mpaka aushushe miguuni pako. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu bosi. Linakuhusu wewe: ni nini hasa kilichokufanya utafute pa kwenda, na je, hiki unachopewa kinakigusa?

Miaka miwili hivi iliyopita mpwa wangu alikwama pale pale. Alikuwa anafanya hesabu katika kampuni moja ya kununua pamba, na akapata kazi Lamadi. Bosi wake wa Bariadi akamwongezea mshahara kuliko ule wa Lamadi. Kijana hakulala vizuri, akaja kwangu, nami nikampeleka kwa Matroni, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu lakini bado anaishi hapa mjini. Alitupatia viti, akatupatia viazi vitamu na maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mke wako yuko wapi, ng'wanawane?" alimwuliza. Maana yake, mwanangu.

"Anafundisha Lamadi, bibi. Na mtoto yuko naye. Naenda mwisho wa wiki, msimu wa pamba siendi kabisa."

"Bosi wako anajua?"

"Anajua nimeoa."

"Sijakuuliza kama anajua umeoa. Anajua kwamba mtoto wako anakuita mjomba?"

Kijana akainamisha kichwa akacheka, maana ilikuwa kweli. Matroni akasogeza kikombe chake. "Basi jino linalokuuma liko Lamadi, na huyu anakupa dawa ya malaria hapa Bariadi. Dawa ni nzuri, lakini haitibu jino. Nenda kamwambie kwanza. Usimfiche mtu ugonjwa halafu umlaumu kwa dawa."

Akaenda. Bosi alimsikiliza, akashika kichwa. "Mbona hukuniambia mwaka jana? Tulikuwa tunatafuta mtu wa kusimamia ununuzi Kalemela, pale karibu kabisa na Lamadi kwa mkeo. Nafasi imeshajazwa." Kisha bosi akampa mkono na kumwambia aende kwa baraka. Yuko Lamadi hadi leo, na mtoto amejifunza kuita baba. Nikamwuliza Matroni inakuwaje yeye aliyeikataa Lamadi amempeleka mwenzake Lamadi. Akashangaa swali langu. "Yangu yalikuwa maji, nikayapata. Yake ni mtoto. Atafanyaje, amweke tenkini?"

Yeye mwenyewe alikaa shuleni pale mpaka umri wa kustaafu ukafika. Walimu walipopitisha mchango wa kumuaga mara ya pili, mpishi mkuu alikataa katakata, akasema yeye alishachanga na mguu wa mbuzi bado anaudai. Naye Matroni akasema zawadi ya mbuzi asipewe, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa ukoo.

Tulimzika nyumbani kwao, nje ya Mwanhuzi, katika nchi ile kavu ambako mtoto hujifunza thamani ya maji kabla hajajifunza kuhesabu. Mkurugenzi alikuja, siku hizi anatembea kwa fimbo. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba mama huyu alimfundisha kumaliza jambo, akasema, "Wabeja, mayu," asante mama, akakaa. Tulipotoka makaburini tulikuta ndoo na sabuni vimewekwa ukutani mwa nyumba aliyokuwa ameijenga pale kwao, na tulinawa mikono kwa maji yaliyotoka kwenye paa lake mwenyewe, tenki liko chini, gata zimefungwa zikanyooka. Mpishi mkuu, mzee sasa, alinawa taratibu kuliko sote. Nikamwuliza kama amesamehe ule mguu. Akasema ameusamehe leo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ikiwa kuna jambo linakuondoa kazini kwako, usianze na barua. Kesho ukifika, mwombe mkuu wako dakika chache, umtajie jambo hilo moja kwa jina lake. Akisema atalishughulikia, mshukuru, na uendelee na kazi. Na ukiwa umeshafunga mizigo ndipo akakuletea tenki, usilikatae wala usilishangilie. Inua macho uangalie paa, na usifungue kamba mpaka gata zifungwe.