Siku Dada Zuhura Aliponiona Nikicheza

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisimame. Ilikuwa Ureno, katika mji mdogo wa milimani, ndani ya ukumbi wa baridi kali ambamo hata mpira ulidunda kivivu. Nilikuwa nimetoka Mombasa na viatu vipya na hamu ya kuruka. Kocha Mkuu, mzee mfupi aliyevaa sweta mbili, alinishika mabega akaniweka mahali, kisha akawaamuru wenzangu wapite ubavuni mwangu huku walinzi wao wakinigonga mmoja baada ya mwingine. Katika mpira wa kikapu hiyo huitwa skrini: unasimama imara, mlinzi anakwama kwako, mwenzako anapata nafasi ya kurusha. Jioni mbavu zote ziliniuma, na Kocha Mkuu akaniambia nimefaulu.

Basi vijana, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya Ulaya, Ureno, kisha Uswisi, kisha Ugiriki. Msidhani ni zile ligi mnazoziona kwenye televisheni. Zangu zilikuwa za daraja la pili, za safari ndefu za basi na chumba cha kupanga juu ya duka la mikate. Wengine walifunga, wakapigiwa makofi, mimi nikasimama. Nikiifikiria miaka ile sasa naiona kama kitu nilichokiota: theluji dirishani, harufu ya mkate ikipanda ngazi, nami nimelala na barafu gotini nikisikiliza lugha nisiyoijua mtaani.

Niliyemkumbuka zaidi ni Dada Zuhura. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, akafua nguo za watu ili nami nipate viatu vya mazoezi. Nilipokuwa nikicheza Mombasa yeye alikuwa kazini. Nilipokwenda Ulaya, yeye alikuwa ameshakwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Hakuwa amewahi kuniona nikicheza hata mara moja, na jambo hilo liliniuma kuliko mbavu.

Katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu Saudia ilikuwa ikichukua watu kwa wingi. Walikwenda akina dada wa kazi za nyumbani, madereva, walinzi, na vilabu navyo vikatafuta ajinabi, ndivyo walivyomwita mchezaji wa kigeni. Wakala wangu aliponitajia Jeddah, nilisaini kabla hajamaliza kueleza.

Rais wa klabu ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini, na bila yeye hakuna ikama, kile kibali cha ukaazi, hakuna kukaa. Mazoezi yalisimama adhana ikilia, na mwezi wa Ramadhani tulicheza baada ya tarawehe, mji mzima uko macho na udi unanukia hadi ukumbini. Mudiri wa timu, yaani meneja, mwanamume mpole mwenye simu tatu, aliniuliza kwa upole mbona ajinabi wake anasimama tu badala ya kufunga. Ilichukua nusu msimu kumwelewesha.

Ijumaa ambazo madam wake, mwajiri wake, alimruhusu, nilikutana na Dada mtaani Kandara, katika hoteli ndogo ya Wasomali, upande wa familia, ambako wanaume na wanawake huruhusiwa kukaa pamoja. Tulikula wali na mbuzi tukataja watu wa nyumbani. Siku moja akaniuliza hasa kazi yangu ni kufanya nini pale uwanjani. Nikamweleza skrini. Akacheka hadi machozi.

"Yaani ulikwenda Ulaya kusimama?" akasema. "Mimi nitakuja nijionee mwenyewe."

Lakini wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kuingia ukumbini. Nilicheza mwendo mfupi tu kutoka nyumba alimokuwa akipiga pasi, naye hakuniona.

Baadaye nikahamia klabu ya Riyadh, kafili mpya, ikama mpya, goti lile lile bovu. Katika kazi yetu mtu wa miaka thelathini na saba ni mzee, na daktari wa klabu alishaniambia msimu ule ndio wa mwisho. Ni msimu huo huo milango ya kumbi ilipofunguliwa kwa familia, wanawake wakiwemo, nasi tulikuwa na mechi Jeddah. Mtoto wa kwanza wa madam alikuwa shabiki wa timu ya kule, na madam akakubali wote waende, Dada akiwa na yule mdogo. Sikuwahi kuomba kitu kwa nguvu kama nilivyoomba siku ile isiharibike.

Kocha Mkuu wa Riyadh alikuwa Mserbia asiyecheka. Asubuhi ya mechi akaniambia sitacheza. Nikamweleza habari za dada yangu, nikamwomba dakika mbili tu.

"Goti likikatika mbele yake," akasema, "hicho ndicho unachotaka akione?"

Kisha akasema naweza kupasha mwili moto pamoja na wengine, ila nisiruke.

Tulipotoka kupasha mwili niliwaona mara moja jukwaani. Mabuibui meusi yalikuwa mengi, lakini ni moja tu lililosimama, mtoto begani, likinipungia mkono. Nikachukua mpira nikakimbia kuelekea ringi, nikaruka. Nikauingiza kwa mikono miwili kutoka juu. Taa zilikuwa nyingi na kelele zikawa mbali, goti halikuniuma kabisa. Nikaruka tena na tena. Nilirusha kutoka mbali, ukaingia. Kocha aliniona vizuri sana, akageuka akaanza kusoma ubao wa matangazo.

Kipenga cha kuanza mechi kilipolia nikaketi benchi, na nilipoinua macho viti vyao vilikuwa vitupu. Nikakaa pale hadi mwisho tukifungwa, bila kuona mechi.

Usiku Dada akanipigia. Ngoma za mashabiki zilimshtua yule mtoto, akalia hadi madam akasema halas, imetosha, yalla nyumbani. Nilikuwa naanza kumpa pole, akanikatiza.

"Pole ya nini? Nimekuona, ndugu yangu. Mbona uliniambia wasimama tu? Wallahi walikuogopa wale, hapana hata mmoja aliyekukaribia."

Nilielewa. Kule kupasha mwili alidhani ndiyo mechi yenyewe. Nikamshukuru kwa kuja.

Sote tumesharudi Mombasa. Siku hizi nafundisha wasichana mchezo huu, na Dada hupenda kuja kukaa pembeni na thermosi yake ya chai. Juzi walimzunguka, wakamuuliza kama kweli aliwahi kuniona nikicheza, na nilifunga ngapi.

"Zote," akasema. "Hakukosa hata moja."

Mmoja akanigeukia kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia amuulize yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa akitazama.